Vitambaa vya Bluu Uvunguni

Asubuhi ya safari, nyumbani kwa Sindano kila mtu alikuwa na kazi yake na hakuna aliyeingilia ya mwenzake. Nyumba yenyewe ilikuwa trela, chumba kimoja cha mbao na bati chenye magurudumu, kilichokokotwa na pikapu kuukuu ya baba. Baba na mama walikuwa mafundi cherehani. Shule zikifunga, walizunguka miji midogo wakishona sare za wanafunzi. Shule zikifungua, walirudi kuegesha trela karibu na shule ya binti yao. Jina la Sindano alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakubanduka ubavuni mwa cherehani.

Baba alizifunga cherehani kwa mikanda. Sindano alikomea milango ya makabati, vikombe visije vikacheza ngoma njiani. Kazi ya mama ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Alitandika gunia chini, akalala chali, akajisukuma uvunguni mwa trela mpaka ikabaki miguu tu. Huko ndiko zilikopita nyaya za taa, kutoka kwenye betri ya pikapu hadi nyuma kabisa. Mama alizipapasa zote, akivuta kidogo hapa, kidogo pale. Waya uliolegea aliufunga kwenye chuma kwa kitambaa alichochana kwenye gauni lake kuukuu la bluu. Ndivyo walivyo mafundi cherehani: kwao hakuna kitu duniani kisichofungika kwa kitambaa. Kitambaa kilichoanza kuoza alikitoa, akachana kingine. Gauni likawa linapungua mwaka hadi mwaka, na baba alimtania kwamba mwisho litabaki kola tupu.

Akishatoka, mama alinyoosha viganja vyake vyeusi kwa vumbi na grisi, akasema, "Chini salama." Baba hakuwasha gari kabla ya kuviona viganja hivyo.

Kisha mama akashikwa na homa ya mapafu, na katikati ya msimu wa mvua akafariki dunia. Walimzika, watu wakatoa pole zao wakaenda zao, na upande mmoja wa kitanda cha baba ukabaki mtupu. Lile gauni la bluu, au tuseme nusu iliyobaki, baba alilikunja pamoja na nguo nyingine za marehemu akaziweka ndani ya kasha chini ya kitanda. Sindano alilivuta kasha hilo mara kwa mara baba akiwa hayupo, akaingiza uso humo ndani, akanusa. Harufu ya mama ilikuwa bado ipo.

Shule zilipofunga, baba alimwambia binti yake kwamba sasa uvunguni ataingia yeye. "Mimi kifua hakipiti, mwanangu," alisema, akageuka kufunga mikanda ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Sindano alitandika gunia, akajisukuma chini. Alipofumbua macho, loo, vilikuwa vimejipanga juu yake kama vinamngoja: vitambaa vya bluu, kila kimoja na fundo la mama lenye masikio mawili, fundo lile lile alilomfungia kwenye viatu siku yake ya kwanza shuleni. Alilia kimya kimya, machozi yakimwingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Hakugusa waya hata mmoja. Alijivuta nje, akasugua viganja kwenye tairi mpaka vikawa vyeusi, akasimama.

"Chini salama," alisema.

Baba aliitazama mikono, akaitikia kwa kichwa, akawasha gari.

Uongo wa kwanza ulimchoma Sindano usiku kucha. Wa pili ulimkuna tu. Baada ya hapo ukawa kama kunawa uso. Kila walipohama mji, alilala kwenye gunia amefumba macho, akapaka mikono kwenye tairi, akasema maneno yale mawili ya mama. Na huko chini vitambaa vikaendelea kuoza bila mtu wa kuvibadilisha.

Siku mambo yalipoharibika walikuwa kwenye barabara ya mawe, mbali na mji. Sindano alisikia kitu kikigonga chini nyuma yao, kwa-kwa-kwa, kikinyamaza, kikigonga tena. Alijua, au alikaribia kujua. Lakini angesema nini? Baba angemuuliza alichoona asubuhi uvunguni, na yeye hakuwa ameona kitu. Basi akaongeza sauti ya redio.

Haukupita muda, lori lililokuwa nyuma likaanza kupiga honi na kuwasha taa. Baba alidhani dereva ana haraka zake, akampisha. Lori lilipofika usawa wao dereva alitoa nusu ya mwili dirishani, akaelekeza kidole kwenye trela. Baba alitazama kwenye kioo. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango.

Alisimamisha gari, akachomoa plagi ya umeme kwenye kiungo cha trela, akafungua mlango, na moshi ukamvaa usoni. Sakafu ilikuwa inaungua chini ya kitanda. Sindano alikimbilia pipa la maji, na dereva wa lori akaja na ndoo yake. Baba hakungoja. Aliingiza mikono chini ya kitanda na kulivuta kasha, kishikio cha chuma kikamuunguza kiganja, naye hakukiachia mpaka alipofika nje. Hapo alikuwa amechelewa. Ubao wa chini ulikuwa umekwisha, na nguo za mama zikamwagika barabarani zikiwa nyeusi, zikivunjika kila alipozishika. Gauni la bluu halikujulikana lilipo.

Moto ulizimika. Cherehani zilipona, sare za wateja zilipona, na watu wote walikuwa wazima. Dereva wa lori aliwaambia wamshukuru Mungu, na alisema kweli. Lakini Sindano alimwona baba yake akiokota majivu kwa mkono mmoja na kuyatia ndani ya sufuria, na akatamani ardhi ipasuke immeze.

Gereji ya mji uliofuata ilikuwa na fundi umeme mmoja, mama wa makamo mwenye suruali iliyojaa viraka na ulimi usiojua kuzunguka. Sindano alimpa shikamoo, akaitikia akiwa ameshafika chini ya trela. Alikaa huko kwa muda, kisha akatoka na kipande cha waya kilichochunika ganda, na kitambaa cha bluu kilichooza kikiwa bado kimening'inia juu yake.

Alieleza kwamba waya ulikatikiwa na kitambaa kilichoushikilia, ukashuka, ukaburuzwa kwenye mawe mpaka ukachunika, ukagusa chuma. Fyuzi nayo ilikuwa kubwa kuliko waya, kwa hiyo haikukata umeme mapema, na waya ukapata moto kama pasi. "Sasa niambie, kaka," alisema, "ni nani huyu anayefunga nyaya za umeme kwa matambara? Huyo ndiye aliyewachomea nyumba."

Baba alikitazama kiganja chake kilichofungwa bandeji. "Ni marehemu mke wangu," alisema.

Fundi alishusha sauti, akawapa pole. Lakini ukweli ni ukweli, alisema, na matambara hayo yote lazima yatoke. Baba aliitikia polepole. Alisema mkewe alikuwa mshonaji, hakujua mambo ya umeme. Alikosea, na sasa haina maana kumlaumu mtu aliye kaburini. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayesamehe.

Huo upole ndio uliomshinda Sindano. Angelaumiwa yeye angenyamaza, alikuwa ameshazoea. Lakini mama kusamehewa kosa ambalo si lake, na hayupo wa kujitetea!

"Mama hakukosea," alisema. "Mama alivibadilisha kila safari. Ndiyo maana gauni lilikuwa linapungua, baba. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimtania. Hivi vimeoza kwa sababu tangu afariki hakuna aliyevigusa."

Baba alimwangalia bila kuelewa. "Si ulikuwa unaingia wewe? Mikono yako niliiona."

"Nilikuwa napaka kwenye tairi." Sasa alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi pamoja. "Niliona mafundo yake nikashindwa. Na leo nilisikia kitu kinagonga, nikanyamaza. Mimi ndiye niliyelichoma gauni la mama."

Fundi aligeuka akaanza kutafuta bisibisi ambayo alikuwa nayo mkononi. Baba alitoka nje ya gereji, akasimama ameupa mlango mgongo. Sindano alisubiri kofi, au maneno makali, na angeyapokea yote. Baba aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Alichuchumaa mbele ya binti yake.

"Kifua changu kinapita uvunguni," alisema. "Moyo ndio haukupita. Nilikutuma wewe nikijua vitambaa vyake viko kule, kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kuvitazama."

Alimvuta kifuani, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi.

Walipotulia, fundi aliwaita. Aliwalaza wote wawili chini ya trela, mmoja huku, mwingine kule, akawafundisha. Anzia kwenye plagi ya mbele, alisema, plagi ikiwa imechomolewa. Papasa waya wote hadi nyuma. Unaoning'inia kama kamba ya kuanikia nguo haufai, na unaosugua chuma haufai hata kama umebana. Uweke mbali na gurudumu na ekseli. Walizipitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki, wakalibana kwenye fremu kwa klipu zenye mpira, na kila klipu Sindano aliivuta kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akaweka fyuzi inayolingana na waya. Vitambaa vilitoka kimoja kimoja. Sindano aliyafungua mafundo bila kuyakata.

"Sikiliza, mwanangu," baba alisema wakiwa bado wamelala pale chini. "Kuogopa si kosa. Kulia si kosa. Ungetoka ukaniambia, 'Baba, nimeshindwa,' tungeingia pamoja, na gauni lingekuwepo. Mtu anayekwambia salama wakati hajatazama amekuacha peke yako na hatari. Nami nilikuacha peke yako kwa namna yangu. Tusirudie, wewe wala mimi."

Jioni baba alivifua vile vitambaa. Havikuwa vingi, na doa la grisi halikutoka. Alivishona kuzunguka ukingo wa gunia la kulalia uvunguni, kwa mkono mmoja, Sindano akimshikia.

Asubuhi ya kuondoka, Sindano alitandika gunia lake lenye pindo la bluu, akajisukuma chini. Hakufumba macho. Kulikuwa na bomba jeusi na klipu tu, hakuna hata fundo moja, na hilo nalo liliuma. Alipapasa kuanzia mbele hadi nyuma, akavuta hapa, akavuta pale, mpaka akamaliza.

"Chini salama," alisema alipotoka, akanyoosha mikono.

Baba hakuitazama. Alimtazama usoni. "Haya, mwanangu," alisema, akaingia kwenye gari akawasha.