Vigingi Vyekundu vya Babu

Asubuhi babu alipofariki, redio yake iliendelea kuimba ndani ya karakana yake, nyuma ya nyumba, mpaka mama alipokwenda kuizima.

Baada ya miezi mitatu, mama aliamua karakana igeuzwe chumba cha bibi, chenye maji na choo chake.

"Afadhali," bibi alisema. "Goti langu limegoma kupanda ngazi, nami nimechoka kulibembeleza."

Siku ya kuchimba mtaro wa bomba, mjukuu wao, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kusema, alikuwa uani akifunga viatu vya shule. Alimwona fundi bomba akinyoosha kamba sambamba na vigingi vinne vyekundu. Babu, aliyekuwa fundi umeme, alivipigilia juu ya waya aliouzika kutoka nyumbani hadi karakana.

"Mzee alikuwa na akili," fundi alisema. "Umeme unapita huku, mimi nachimba kule. Kila mtu na njia yake."

Chiriku aliacha kufunga viatu. Wiki iliyopita aliving'oa vigingi vile vifanywe magoli, kisha akavirudisha kwa kukisia. Waya haukuwa pale. Ulikuwa wapi?

"Leo Chiriku kameza ulimi?" fundi alimtania, akishika sururu.

Mama alikuwa amekataza vitu vya babu visiguswe. Sururu ikainuka.

"Usipige!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Usipige, fundi! Vigingi nilivihamisha mimi!"

Sururu ilibaki hewani, kisha ikashuka taratibu. Mama alikimbia ndani kuzima swichi kuu. Fundi akaanza kukwangua udongo kwa mwiko, kidogo kidogo, mpaka waya mweusi ukaonekana. Ulikuwa chini ya kamba yake hasa.

Fundi aliketi palepale. "Nina watoto wawili," alisema.

Chiriku akaangua kilio. Alitamani babu awepo, hata kama ni kwa kumgombeza. Bibi alimvuta kifuani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Umesema, na mtu amepona. Lakini ungesema wiki iliyopita, mjukuu wangu, leo tusingetetemeka. Kosa liseme lingali dogo."

Mtaro ulihamishiwa upande wa pili wa ua, na Chiriku ndiye aliyemshikia fundi futi ya kupimia. Sasa mchoro wa waya, bomba la maji na bomba la choo umebandikwa nyuma ya mlango wa karakana. Bibi analala humo.