Gita la Kavata na Kastabini ya Mama

Ta. Ta-ta. Ta.

Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyomwamsha Kavata kila siku, gizani, kabla jogoo wa jirani hajawika na kabla taa ya sebuleni haijawashwa. Ilikuwa kastabini ya mama yake ikigonga meza. Mama yake, Annah, alikuwa fundi wa nguo hapo Kinoo. Kila alfajiri, maji ya chai yakiwa jikoni, alikaa mezani akipanga kazi za siku kichwani: suruali ya nani ifupishwe, sketi ya nani itiwe zipu. Kidoleni alikuwa amevaa kastabini, ile kofia ndogo ya chuma inayomkinga fundi asichomwe na sindano. Aliachiwa na nyanya yake, Kaindi, na ilikuwa imebonyeabonyea kwa miaka mingi ya kazi.

"Kavata! Unangoja nikuletee jua kitandani?"

"Nishaamka, Mama!"

"Umeamka mdomo. Miguu je?"

Kavata, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliinuka akicheka. Huku akivaa sare, alipapasa hewani kwa vidole akiufuata ule mdundo. Ta. Ta-ta. Ta. Kutokana na mdundo huohuo wa kastabini alikuwa ametunga kipande kifupi cha muziki, akakipiga kwenye gita kuukuu la shule lenye nyuzi laini za nailoni. Mwalimu Joyline, aliyefundisha muziki, alikisikia akasimama mlangoni na chaki mkononi.

"Hicho ndicho kitakachofungua wimbo wetu kwenye tamasha," alisema. "Wewe peke yako na gita, kwanza. Halafu ngoma, halafu sauti."

Habari hizo zilimfikia Mjomba Kitavi, kaka yake Mama. Alikuwa fundi wa umeme Dagoretti, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa ameahidi kwamba Kavata akishika gita kwa bidii, atamnunulia lake mwenyewe. Jumamosi moja akaja amechana nywele, amevaa shati la kanisani. "Vaa viatu," alimwambia. "Tunaenda mjini."

Kavata alikuwa na furaha iliyochanganyika na wasiwasi. Siku iliyotangulia, Mwololo, mpiga ngoma wa kikundi chao cha muziki shuleni, alikuwa amemwita pembeni. Mwololo alikuwa na kaka anayepiga gita kanisani, kwa hiyo alijiona profesa.

"Sikiza, Kavata. Ukifika dukani wasikupe nyuzi nyembamba. Hizo ni za watoto wa nasari. Wapigaji wenyewe wanafunga kumi na mbili."

"Kumi na mbili za nini?"

"We! Hujui hata hiyo, na unataka kutufungulia wimbo? Basi niachie mimi na ngoma yangu."

Wenzao walicheka. Kavata alicheka pia, lakini maneno hayo yaliingia na kukaa.

Duka lilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya redio na simu. Mwenyewe aliitwa Bi Zena, mama wa Kilamu aliyevaa buibui, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliwakaribisha kwa viti. Ukutani gita zilipangwa kama mashati dobini. Kavata alizitazama zote, kisha akasimama mbele ya moja la umeme, la rangi ya buluu iliyokolea, akashindwa kuondoka.

"Amelichagua," alisema Mjomba.

"Gita ndilo lililomchagua," Bi Zena akajibu. Alilishusha akapitisha kidole juu ya nyuzi. "Hizi zilizokuja nalo zimekaa sana, zimeanza kutu. Nitakufungia mpya. Sasa tazama, mwanangu. Kuna namba tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Namba ni unene wa ule uzi wa kwanza, mwembamba kuliko wote. Namba ikipanda, nyuzi zote zinanenepa. Uzi mnene una sauti nzito, lakini unataka kidole chenye nguvu. Umeshazoea nyuzi za chuma?"

Kavata hakuwahi kugusa uzi wa chuma maishani mwake. Alimkumbuka Mwololo. "Ndiyo," alijibu. "Tangu mwaka jana."

"Nipe mkono nione."

Kavata aliitumbukiza mikono yote miwili mifukoni mwa sweta. "Nataka kumi na mbili," alisema haraka.

Bi Zena alivaa miwani yake akamtazama kitambo. Akamgeukia Mjomba, ambaye aliinua mikono. "Mimi najua nyaya za umeme tu, Mama. Hizi nyingine nawaachia ninyi."

"Kwa umri wake ningempa tisa," alisema Bi Zena polepole. "Lakini anayeujua mkono wake ni yeye."

Akafunga kumi na mbili.

Jioni hiyo nyumba nzima ilijaa vifijo. Mjomba aliunganisha spika, Mama akapiga makofi, majirani wakachungulia. Kavata aliposhika shingo ya gita na kubonyeza, uzi ulimkata kidole kama waya wa kuanikia nguo. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, nusu yake imemezwa. "Ni jipya, halijazoea," alisema, na kila mtu akaamini.

Alijaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata. Ncha za vidole zilivimba, zikatoa malengelenge, na lile la kidole cha kati likapasuka. Shuleni, Mwalimu Joyline aliinamisha kichwa akisikiliza.

"Kavata, kile kipande kimepatwa na nini? Zamani kilikuwa kinatembea. Sasa kinachechemea."

"Ni nyuzi kumi na mbili, Mwalimu," Mwololo aliwahi kujibu. "Ni za wakubwa!"

"Sikukuuliza unene wa uzi, nimeuliza habari ya muziki." Mwalimu alimgeukia Kavata. "Nakupa wiki mbili. Ikiwa bado, tutaanza na ngoma."

Mwololo akapiga ngoma yake mara moja, dum, na darasa likaangua kicheko.

Siku hiyo Kavata alirudi nyumbani akiwa na neno moja tu kichwani: wiki mbili. Mama alikuwa ametoka kupeleka nguo za wateja. Juu ya meza, kando ya mkasi, kastabini ilikuwa inang'aa. Kavata aliitazama. Akaivaa kwenye kidole chake kilichopasuka, akachukua gita, akabonyeza.

Hakuumia hata kidogo! Sauti, kweli, ilitoka mbaya. Chuma kiliteleza juu ya chuma, gita likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Lakini hakuumia. Nitajifunza kuituliza, alijiambia. Aliposikia hatua za Mama mlangoni, aliitia kastabini ndani ya mfuko wa gita na kufunga zipu.

"Kavata, hujaiona kastabini yangu?"

"Sijaiona, Mama."

"Ajabu. Niliiacha hapa." Mama aliinama chini ya meza, akainua vitambaa, akatikisa hata boksi la vifungo. "Basi itajitokeza."

Asubuhi iliyofuata Kavata aliamka amechelewa. Hakukuwa na ta, wala ta-ta. Nyumba ilikuwa kimya, na ukimya huo ulimkaa kifuani mpaka shuleni.

Wiki hiyo Mama alikuwa akishona vizibao vya kikundi cha muziki, vya kitambaa cha jinzi, vyenye shanga mabegani. Jinzi ni nene, na shanga hazishonwi kwa cherehani, hushonwa kwa mkono. Jumatano alasiri Kavata aliingia akamkuta Mama mezani, kidole chake cha kati kimefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa akisukuma sindano kwa kifuniko cha soda. Kifuniko kiliteleza, Mama akauma mdomo, akaanza upya.

"Mama, umefanya nini?"

"Sindano iliingia jana. Kidogo tu, lakini kimevimba." Alijaribu kutabasamu. "Vizibao vitachelewa kidogo. Usimwambie mwalimu bado."

Kavata alitazama kizibao kilichokuwa mapajani mwa Mama. Kilikuwa chake, alikijua kwa udogo wake. Begani, katikati ya shanga nyeupe, palikuwa na doa dogo la damu.

Hakungoja kufikiri. Alikwenda chumbani, akafungua zipu ya mfuko wa gita, akarudi na kastabini kiganjani. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Niliichukua mimi, Mama. Nilikudanganya. Na Bi Zena nilimdanganya pia. Sijawahi kupiga nyuzi za chuma. Nilitaka kumi na mbili ili Mwololo asinicheke, na sasa siwezi, na Mwalimu atanitoa."

Mama aliichukua kastabini. Aliigeuza, akaipuliza vumbi. Kavata alingoja kugombezwa.

"Leta mkono," Mama akasema mwishowe.

Aliona malengelenge, akaona na kile kidole kilichopasuka. Alipumua kwa nguvu. Kisha akachemsha maji, akayaacha yapoe hadi yakawa vuguvugu, akatia chumvi, akaleta karai. Mkono wa Kavata ukaingia, na mkono wa Mama ukaingia karibu yake.

"Tutazame sisi," alisema Mama. "Fundi hana kidole, mpiga gita hana kidole. Tuite na mjomba wako achomwe na umeme tukamilike?"

Kavata alicheka na kulia kwa pamoja.

"Nimeumia kuliko kidole kinavyouma, nisikufiche," Mama aliendelea, sasa bila mzaha. "Nilikuuliza ukanitazama machoni ukasema hujaiona. Usirudie."

"Sitarudia, Mama."

"Haya. Sasa niambie. Wateja wakiniletea blauzi ya shifoni, naishona kwa sindano ipi ya cherehani?"

"Namba tisa. Ile nyembamba."

"Na jinzi?"

"Kumi na sita."

"Umeshaniona nikiona haya kushika namba tisa? Nikiitia kumi na sita kwenye shifoni ili wapita njia wanione mkubwa, nguo ya watu itachanika. Kesho utamweleza mwalimu ukweli. Gita hulishiki mpaka ngozi ijifunge. Jumamosi tunarudi kwa Bi Zena, na utazungumza wewe."

Jumamosi ilipofika, ngazi za lile duka zilionekana ndefu kuliko mara ya kwanza. Bi Zena aliwaona, akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba, mwanangu. Gita lasemaje?"

"Nilikudanganya," Kavata alisema. "Sikuwa nimezoea nyuzi za chuma hata kidogo. Mkono wangu ni huu." Akaunyoosha juu ya meza ya kioo, kiganja juu, na makovu yake yote.

Bi Zena aliushika mkono ule mdogo, akapima urefu wa vidole, akabonyeza ncha zake taratibu. "Basi leo ndiyo umekuja dukani," alisema. "Siku ile alikuja mtu mwingine."

Alizifungua nyuzi nene moja moja, akafunga namba tisa. Akalitazama gita kwa jicho moja, kama mtu anayenyoosha rula. "Zile zilikuwa zimeanza kuivuta shingo," alisema, akakaza na kulegeza skrubu ndogo mpaka shingo ikanyooka. "Jaribu. Taratibu."

Kavata alibonyeza. Uzi uliitika chini ya kidole chake bila kupigana naye. Ta. Ta-ta. Ta. Kila sauti ilitoka safi, kamili, ikajaa dukani. Mama aliyekuwa akitazama dirishani aligeuka ghafla. "Hiyo ni meza yangu!" alisema. "Ni mimi asubuhi!"

Kavata alifanya mazoezi kila jioni, na wiki mbili zilipoisha Mwalimu Joyline, ambaye alikuwa ameshaelezwa ukweli faraghani, alikisikiliza kipande kile akaridhika. Ikawa siku ya tamasha. Ukumbi wa shule moja ya Dagoretti ulijaa watoto wa sare za kila rangi. Vizibao vya jinzi vilikuwa tayari, shanga zikimeta, na lile doa lilikuwa limefichwa chini ya ua la shanga nyekundu. Kavata alisimama peke yake mbele ya jukwaa na gita lake la buluu. Katika safu ya tatu alimwona Mama akiinua kidole chenye kastabini na kugonga kiti kilichokuwa mbele yake.

Kavata akaanza. Kipande kile kilitembea, kikakimbia, kikapanda juu kabisa shingoni mwa gita mahali ambapo hakuwahi kuthubutu kufika. Ngoma ya Mwololo ikaingia nyuma yake, sauti thelathini zikafuata, na kabla ubeti wa pili haujaisha, ukumbi mzima ulikuwa umesimama ukipiga makofi. Majaji walipotangaza nafasi ya kwanza, Mwalimu Joyline aliruka mpaka kiatu kikamtoka, naye Mjomba Kitavi alipiga mbinja zilizowafanya walinzi wachungulie.

Nje, Mama alimvuta Kavata kando, akamfuta jasho kwa leso.

"Umeona, mwanangu? Aliyeshinda leo ni mkono wako kama ulivyo. Ulipousema ukweli, tukajua la kukusaidia, nawe ukafanya kazi. Mtu hawezi kusaidiwa akiwa amejificha."

Kabla Kavata hajajibu, Mwololo alifika mbio akifuatwa na kundi la wapigaji wa shule nyingine, macho yao yote kwenye gita.

"Niaje, Kavata! Wanauliza ulipigaje vile. Nimewaambia huyu si mchezo, huyu hupiga kumi na mbili. Si ndiyo? Waambie!"

Kundi likasogea karibu likingoja. Kavata aliona nyuso zao, akaona jinsi ambavyo neno moja dogo lingetosha. Nyuma yake, kwenye nguzo ya ukumbi, kastabini iligonga taratibu. Ta. Ta-ta. Ta.

Kavata aliinua mkono wake wa kushoto, vidole wazi, wauone wote.

"Napiga nyuzi namba tisa."