Mtoto wa Jiwe Lingine

Wazazi wa Kalemie, na hasa ninyi akina baba mnaojua kila kitu baada ya kusikia nusu yake, habari hii ni yenu.

Jumapili moja baada ya misa, Mama Domitille alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Mume wake, Papa Germain, alikuwa anashona wavu, na binti yao Viviane alimshikia uzi. Mtoto alikuwa ameanza katekisimu. Pasaka inayofuata angepokea Komunyo ya kwanza. Katika parokia yao, siku hiyo baba ndiye anayemshika mtoto mkono na kumpeleka hadi altareni. Viviane hakutaka kungoja. Alimvuta baba yake kutoka mlangoni hadi kwenye kinu, kama vile wako kanisani, na Germain alitembea huku anacheka.

Kikumbukeni kicheko hicho. Hakikudumu.

Siku hizo alifika mjini mtafiti mmoja, mwanamke aliyeitwa Citoyenne Adrienne, kuchunguza samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe ya ziwa. Wale wa mawe ya kaskazini ni weusi. Wale wa kusini, njia ya Moba, ni wekundu. Je, ni aina mbili au moja? Germain, mzamiaji hodari, alipewa kazi ya kuwafukuza samaki waingie wavuni. Adrienne alikata kipande kidogo cha pezi, akakitia katika kichupa cha alkoli. Vichupa vingepelekwa Ulaya, wataalamu wa huko wakasome jeni, yaani zile chembe ambazo kila kiumbe anarithi kwa baba na mama.

Germain aliposikia "baba", akaacha kusikiliza.

Jioni ile, kwenye nganda ya Mama Marthe, yaani kilabu chake cha pombe, mbele ya glasi ya lutuku kali, aligeuka profesa. "Rangi njo damu!" alisema, akipiga meza. "Mweusi hawezi kuzaa mwekundu. Sayansi imesema!"

Sayansi ilikuwa haijasema neno. Vichupa vilikuwa bado sandukuni.

"Basi, Papa Germain," alimchokoza Valère, mlevi mwenzake, "na ule mutoto wako mwekundu? Weye mweusi kama chungu!"

Watu walicheka. Mtu mwenye akili angecheka nao, maana marehemu mama yake Germain alikuwa mwekundu wa ngozi vilevile, na picha yake ilitundikwa sebuleni kwake. Lakini kutazama ukutani ni kazi nzito kwa mtu anayetazama glasi.

Asubuhi Domitille alimkuta na mkasi mkononi. Viviane alikuwa analia. Germain alikuwa amemkata nywele na kuzitia katika kichupa alichokiiba kazini.

"Unafanya nini, Papa Germain?"

"Nazipeleka kwa mama wa samaki. Uyu ni wa jiwe lingine."

Adrienne alikitazama kile kichupa, kisha akamtazama yeye. "Papa Germain, mimi ni muntu wa samaki. Rudisha kichupa changu, ukamuombe mutoto radhi."

Hakuomba. Jioni alirudia kwenye nganda kwamba Viviane ni wa jiwe lingine, na neno lake lilitoka huko likashuka barabarani. Viviane akipita kwenda shule, watoto wenzake walimwita "Jiwe Lingine". Akaacha kumvuta baba yake mkono.

"Ulilisema mbele ya watu," Domitille alimwambia mumewe. "Nenda ulifute mbele yao."

"Tungoje majibu ya Ulaya."

Wazazi, lioneni jambo hilo. Mwanamume mzima anangoja samaki wamwambie kama mwanawe ni wake.

Mvua zilikuja zikapungua. Karibu na Pasaka Adrienne aliwakusanya wavuvi ufukweni. "Mweusi na mwekundu ni aina moja," alisema. "Wamekaa mbalimbali, kila mmoja na mawe yake, rangi zikaachana, lakini ukoo ni ule ule. Walio tofauti ni wale wa kijivu ambao ninyi wote mnawaita jina moja. Wale ni aina mbili. Macho peke yake yatawadanganya."

"Profesa!" Valère alipaza sauti. "Sasa unasemaje?"

Germain alikimbilia nyumbani na kitambaa cheupe cha gauni la Komunyo. "Mama Domitille, majibu ni mazuri!"

"Mazuri kwa nani? Kwa samaki?"

"Kwa sisi wote."

"Na kwa Mama Marthe umepita?"

"Watanicheka."

"Ehee. Na Viviane wamemcheka tangu lini?"

Germain alikiacha kitambaa mezani. Hakwenda.

Siku ya Pasaka alisimama mlangoni pa kanisa, suti imepigwa pasi, mkono ameunyoosha. Viviane alisimama mbele yake.

"Papa," aliuliza, na wote waliokuwa karibu walisikia, "leo niko wa jiwe gani?"

Mwanamume aliyekuwa na maneno kwa nganda nzima alizidi tu kunyoosha mkono. Mtoto aliupita mkono huo. Kisha akampa mkono mjomba wake Kizito, aliyekuwa amesimama kando, wakaingia. Domitille aliwafuata bila kugeuka. Germain alibaki mlangoni, mkono wazi kama wa mwombaji.

MAFUNZO

Ukisikia neno la wataalamu, lisikie hadi mwisho, au nyamaza. Maswali ya samaki waulizwe samaki. Mtoto wako hangoji majibu ya mtu. Na ukimtukana wako mbele ya watu, mrudishie heshima yake mbele ya watu hao hao, mapema. Ukiogopa kuchekwa, utakuja kunyoosha mkono siku ambayo mkono wa mtoto umekwisha kushikwa na mwingine.