Shoka la Emil

Ilianza na matope. Kila asubuhi buti za sanamu ya shaba langoni mwa hifadhi ya msitu zilikuwa zimelowa udongo mbichi, na Delmer, mlinzi wa hifadhi hiyo ya Wisconsin, Marekani, alizifuta huku akinung'unika. Sanamu ilikuwa ya kijana kifua wazi, shoka mkononi, kuwakumbuka vijana waliowekwa kambini na kupewa kazi ya kupanda msitu ule enzi za njaa. Ilizinduliwa mwezi uliopita, kwa hotuba na keki.

Kisha Delmer mwenyewe akaanza kudhoofika. Alilala mapema, akaamka hoi, viganja vimejaa malengelenge, shati linanuka utomvu wa misonobari.

"Ukilala unakwenda wapi?" mkewe Lorna alimuuliza.

"Siendi popote, Lorna. Ningekuwa nakwenda, ningepitia baa."

Lorna hakucheka. Mumewe alikuwa anaisha mbele ya macho yake.

Jioni moja Delmer aliinuka mezani amefumba macho, akachukua shoka akaingia msituni, na muda si muda yakasikika mashoka mawili yakipokezana, moja lake na jingine zito zaidi, yakikata bila kupumzika hata pale Lorna aliposimama barazani akimwita kwa jina mpaka sauti ikamkauka. Akampigia simu mzee Halvor, wa mwisho kubaki hai katika vijana wale wa kambini.

Mzee alifika na mkongojo wake, akasikiliza.

"Huyo mwingine ni Emil," alinong'ona. "Mti ulimwangukia akafa kabla msimamizi hajatangaza mwisho wa kazi. Kambini huweki shoka chini mpaka utangaziwe. Nanyi mmemsimamisha tena pale langoni na shoka, mkala keki, mkaenda zenu."

"Basi mtangazie, mzee wangu. Nimechoka."

"Sote tumechoka, binti." Akaukabili msitu, akapaza sauti: "Kazi imekwisha! Rudisheni vifaa!"

Mashoka yakanyamaza. Delmer akarudi peke yake, akaegemeza shoka mlangoni, akalala hadi mchana. Lorna alimkaangia chapati za maji huku akilia kwa faraja.

Alipompelekea, alimkuta amesimama wima kando ya kitanda. Blanketi lilikuwa limetandikwa likakazwa bila kunyanzi hata moja, na Delmer hakuwahi kutandika kitanda tangu wafunge ndoa.

"Asante kwa chakula, mama," alisema kwa adabu, kama mgeni. "Msimamizi ameturuhusu. Treni ya kurudi kwetu inapita saa ngapi?"