Tangi Tupu Katika Upepo wa Kiirua

Kaimenyi ni dereva wa Laare. Kila siku hupakia magunia ya miraa kwenye pikapu yake na kuteremka nayo hadi Meru mjini. Miraa ikinyauka haina mnunuzi, kwa hiyo Kaimenyi hukimbia. Watu wa Laare walimsifu kwa kukimbia, na sifa hizo zikampanda kichwani.

Mwezi wa Agosti alimnunulia mama mkwe wake tangi la maji. Mama huyo, Ciakuthii, anaishi Kiirua. Kila kiangazi alikuwa akibeba maji mgongoni. Kaimenyi alilisimamisha tangi kwenye pikapu na kulifunga kwa kamba moja tu. Alitaka watu walione njia nzima. Mkewe, Angeline, akaketi kando yake.

Baada ya Meru mjini, barabara ilikuwa na miti pande zote. Karibu na Kiirua miti iliisha, mashamba ya ngano yakaanza. Angeline alizaliwa huko.

"Baba Kirimi, punguza spidi," alimwambia mumewe. "Hapa kuna upepo ya mlima."

"Wacha woga. Tangi ni tupu, haina uzito. Ningekuwa nimebeba mawe ndio ungeongea."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mkono mmoja wa Kaimenyi ulikuwa kwenye usukani, mwingine dirishani. Ghafla upepo ukapiga kutoka kushoto. Ukaisukuma pikapu hadi upande wa magari yanayokuja. Kaimenyi alishtuka, akavuta usukani kwa nguvu. Pikapu ikarudi kupita kiasi na kutoka nje ya lami. Kamba ikakatika, tangi likaruka na kubingirika katika ngano.

Kando ya barabara palikuwa na mwanamke aliyetoka nyumbani kuwapokea. Alijitupa mtaroni kuikwepa pikapu. Alikuwa Ciakuthii.

Kwa Wameru, mwanamume humheshimu sana mama mkwe wake. Hamgusi, wala hamtazami ovyo. Heshima hiyo huitwa nthoni. Sasa Kaimenyi alimwona mtaroni, kitambaa cha kichwa kimeanguka, goti linatoka damu. Alitaka kumwinua, akaogopa kumgusa. Akasimama akitazama viatu vyake. Hakuwahi kuona aibu kama ile. Angeline ndiye aliyemwinua mama yake.

"Pole, mama," Kaimenyi alisema.

Ciakuthii alifunga kitambaa chake. "Nitatembea," akajibu. Hakukubali kupanda gari hilo.

Nyumbani kwake, wanawake wa kanisa walikuwa tayari kuimba kulipokea tangi. Walipoona goti la Ciakuthii, waliacha nyimbo wakamletea maji. Chai ikaletwa, Kaimenyi hakuigusa. Jirani mmoja, Gladwell, akaja kuketi karibu naye. Gladwell huendesha lori la nyasi kavu kutoka Timau.

"Wewe umezoea miraa," alisema. "Miraa ni nzito na inakaa chini. Tangi tupu ni ndefu na ni nyepesi. Upepo inaishika kama mwavuli."

"Nilidhani ni uzito ndio hatari," Kaimenyi alisema bila kuinua macho.

"Mimi upepo huu ulinimwagia nyasi barabara nzima. Ng'ombe za watu zilikula zikashiba."

Wanawake walicheka. Kaimenyi hakucheka. "Sasa nifanye aje?"

"Laza tangi, uifunge kila upande. Punguza spidi kabla miti haijaisha, si baadaye. Shika usukani na mikono yote mbili. Gari ikisukumwa, irudishe polepole, usivute. Usipite lori hapo. Lori inakukinga, na ukimaliza kuipita upepo inakupiga tena. Na mtu wa pikipiki mpe nafasi kubwa. Yeye pia anasukumwa."

"Na upepo ikizidi?"

"Ingia petroli stesheni, ungoje. Kungoja si aibu."

Kaimenyi alitazama mlango. Ciakuthii alikuwa nje, akiosha goti lake.

Tangi lile lilikuwa limepasuka, kwa hiyo Kaimenyi alinunua jingine. Safari hii alililaza na kulifunga kila upande. Kabla miti haijaisha, aliona matawi yakiinama. Akaingia petroli stesheni na kuzima injini. Angeline akampigia mama yake simu kumweleza.

Madereva wenzake wa Laare walipita. "Kaimenyi, gari imekufa?" mmoja akauliza.

Aibu ilimshika. Zamani angewasha gari. "Haijakufa," alijibu. "Nangoja upepo."

Upepo ulipotulia, akaondoka taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani. Walifika jioni. Wanawake wa kanisa walikuwa wamechoka kungoja, wakaenda zao. Ciakuthii peke yake alikuwa kando ya barabara, ng'ambo ya mtaro. Kaimenyi alisimamisha pikapu mbali naye, akashuka, akainamisha kichwa.

"Umechelewa," Ciakuthii alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Asante kwa kuchelewa."

Nyumba ilikuwa karibu, angeweza kutembea. Lakini alivuka mtaro, akafungua mlango wa pikapu na kupanda. Angeline akasogea katikati.