Hatua ya Tano

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI. TEMEKE.

Gaudens alianza na chaki. Bunduki zilikuwa chini ya kitanda, ndani ya gunia la mkaa, na hakuna aliyethubutu kuzigusa kabla yeye hajamaliza kuandika.

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji, hakina dirisha, kinanuka grisi na jasho. Ukutani uliegemezwa ubao mweusi aliotoka nao shirikani siku aliyopunguzwa kazi. Miaka kumi na moja aliratibu miradi kwenye shirika la umma. Shirika likauzwa, yeye akapewa barua na asante. Ubao akaubeba, chuki nayo akaibeba, na tangu siku hiyo ole wake atakayemwita jina jingine zaidi ya Mratibu.

"Mradi una hatua tano," alisema. "Kuanzisha. Kupanga. Kutekeleza. Kufuatilia. Kufunga. Wezi wa mji huu wanaijua ya tatu tu. Ndiyo maana wamejaa magerezani."

Brightson aliguna. Lilikuwa jitu la miraba minne, limekalia tairi bovu. "Mie nimekuja kuvunja godauni. Shule niliacha zamani."

"Utavunja ukiambiwa vunja. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Hizo ni za mwizi asiyepanga."

Godauni lilikuwa Mikocheni. Ndani mlikuwa na katoni za pampu za dizeli, mpya, zimetoka ng'ambo baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Mnunuzi alikuwa anasubiri. Kazi ingefanyika mchana kweupe, Ijumaa, wakati walinzi wengi wako msikitini na meneja yuko mezani kwake anakula. Getini angebaki Kasimiri peke yake, mlinzi mtu wa Kigoma, ambaye Mratibu alikuwa ameshamweka mfukoni.

Yote hayo yalitoka kwa Rukaiya.

Rukaiya naye alikuwa wa shirika lile lile. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu na kuwachimba: karatasi hii anaipokea nani, anasaini nani, asipokuwepo inakuwaje. Mabosi waliona ni umbea wenye mshahara. Kwa wiki tatu alikaa kwenye benchi la godauni, faili mapajani, akijifanya karani anayefuatilia mzigo wa tajiri wake. Alizungumza na makarani, wapagazi, mfagiaji, mpaka mama anayewauzia wali. Neno lake lilikuwa moja tu: "Halafu?" Watu wakaendelea kumwaga. Alijua nakala ya waridi ya hati ya kutolea mzigo inabaki getini na hakuna anayeisoma. Na jambo hakuliandika mpaka alisikie kwa mdomo wa pili.

Mwizi hakuwa. Alimfuata Faraji, mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa genge. Mama yao alipokuwa anakata roho aliushika mkono wa Faraji akauweka kwenye wa Rukaiya. Tangu hapo Rukaiya hakulala vizuri. Faraji alipoingia kwenye uchafu huu, naye akaingia, ili amtoe akiwa mzima. Hakuwa na shida nyingine duniani.

Aliutazama ubao. Kila jina lilikuwa na mshale unaolipeleka kwenye kazi inayofuata, hatua kwa hatua. Safu ya tano, Kufunga: Gaudens, mshale kwa mnunuzi. Brightson, mshale, basi la Mbeya. Kasimiri, mshale, stesheni ya Pugu, treni ya Kigoma. Rukaiya, mshale, nyumbani.

Faraji. Hakuna mshale.

"Mratibu," alisema, "Faraji akishafikisha mzigo Pugu, halafu?"

"Halafu basi."

"Wenzake wote wana mishale."

Gaudens aliiweka chaki chini taratibu. "Nilikuchukua uulize mambo ya godauni. Ya godauni yamekwisha. Ukiuliza tena nitakuziba mdomo kwa hiki kiatu."

"Dada, acha maswali," Faraji alisema. Alikuwa anaangalia sakafu.

Rukaiya aliurudia ubao kwa macho. Mwaka uliopita genge lilikuwa na dereva mwingine, akiitwa Suhaib. Mzigo ulifika. Suhaib hakufika, na maiti yake ikaokotwa na wakata kuni msituni Pugu.

Alitaka kumvuta Faraji pembeni amweleze. Lakini Faraji alimwona Gaudens kama baba. Ndiye aliyemtoa kwenye kuosha magari akampa usukani. Angeambiwa neno, angelipeleka kwa Gaudens moja kwa moja. Ndivyo Rukaiya alivyodhani, na hilo hakulitafutia mdomo wa pili.

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI. KINONDONI.

Rukaiya alipiga simu polisi kutoka duka la dawa. Aliripoti alivyokuwa akiripoti ofisini, kavu na kwa mpangilio.

"Isuzu nyeupe, turubai la bluu. Saa nane na nusu itafika Pugu, machimbo ya udongo mweupe. Wenye silaha ni wawili. Mmoja mbele upande wa mlango, mmoja nyuma. Dereva hana silaha. Afande, nakuomba, dereva msimpige."

"Una uhakika na huyo dereva?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, afande."

IJUMAA, SAA SABA KASOROBO. MIKOCHENI.

Kasimiri alifungua geti. Isuzu ikaingia kinyumenyume. Brightson akalikata kufuli kwa mkasi wa chuma.

Kisha mlango wa ofisi ukafunguka. Felicitas, karani wa hati, hakwenda kula siku hiyo. Alisimama na kikombe cha chai mkononi.

Brightson akapeleka mkono kiunoni.

"Wewe, tulia," Rukaiya alimnong'oneza, akamwendea yule karani na faili lake. "Felicitas, mwenzangu, hatimaye tajiri kaleta gari. Jino limekuwaje?"

"Ndilo limeninyima kula."

"Pole. Hati hii hapa. Nakala ya waridi nikuachie wewe au niiache getini?"

"Getini," Felicitas alisema, akashika shavu, akarudi ndani.

Wiki tatu za kusikiliza zilimwokoa yule mwanamke, na mwenyewe hakujua. Gaudens alitoa karatasi, akaweka alama kwa kalamu. "Hatua ya nne," alisema. "Dakika mbili nyuma ya ratiba. Pakieni, washenzi nyie!"

IJUMAA, SAA NANE. BARABARA YA PUGU.

Mbele walikaa watatu: Faraji kwenye usukani, Rukaiya katikati, Gaudens mlangoni, bunduki imelala mapajani. Nyuma, chini ya turubai, Brightson na Kasimiri walikalia katoni.

Faraji alikuwa analowa jasho. Rukaiya alimwekea mkono gotini. Akausukuma.

"Tukifika, dada, shuka wewe kwanza. Nenda zako. Usigeuke nyuma."

"Kwa nini?"

"Kanyaga mafuta," Gaudens alisema. "Mnaongea sana."

Rukaiya aliomba kimoyomoyo askari wawe wamefika. Walipita Ukonga, wakapita Gongo la Mboto. Dakika ishirini tu, mdogo wangu, alijiambia, nami nitakuwa nimekuokoa.

IJUMAA, SAA NANE NA NUSU. PUGU.

Gari lilisimama kando ya machimbo. Kasimiri aliruka chini, akajikung'uta vumbi, akauliza kwa adabu stesheni iko upande gani.

"Faraji," Gaudens alisema. "Hatua ya tano."

Faraji aliingiza mkono chini ya kiti. Akatoa tambara. Ndani ya tambara mlikuwa na mguu wa kuku, bastola fupi, nyeusi.

Rukaiya aliikodolea macho. "Ya nini hiyo?"

"Kasimiri hana treni," Faraji alisema. "Anatujua sura. Mratibu aliniambia nichague, nimfunge yeye au nikufunge wewe. Mshale wangu hakuuandika kwa sababu ungeuona."

"Mungu wangu. Mbona hukuniambia?"

"Alisema nikikwambia, basi ni wewe. Nilikuwa nangoja uniulize, dada. Unawauliza watu wote."

Alifungua mlango, akashuka.

"Polisi! Mikono juu!"

Brightson alifyatua mara moja, akajibiwa mara tatu, akaanguka na turubai juu yake. Gaudens, yule yule wa hatua tano, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala kifudifudi, mikono kisogoni. Kasimiri alijibanza kwenye tairi, analia.

Askari mmoja kijana alikuja mbio hadi mlango wa dereva, bunduki iko begani. Alikuwa ameambiwa dereva hana silaha. Faraji akageuka kumtazama. Bastola ilikuwa mkononi, mdomo wake unaangalia chini.

"Itupe, Faraji!" Rukaiya alipiga kelele. "Itupe!"

Mwenzake yule askari aliona bastola tu. Akapiga risasi mbili.

Rukaiya aliruka kutoka kwenye gari, akakipakata kichwa cha mdogo wake kwenye ule udongo mweupe. Faraji alimtazama kidogo, kama anayetaka kuulizwa kitu. Kisha macho yake hayakumtazama tena.

Inspekta alikuja na daftari. Alikuwa mtu mzima, na hasira yake ilikuwa imechanganyika na woga wa kumpoteza askari wake.

"Wewe ndiye uliyepiga simu. Uliniambia dereva hana silaha. Kijana wangu angekufa hapa. Nani alikupa habari hiyo?"

Rukaiya alimfumba Faraji macho kwa kiganja.

"Hakuna," alisema. "Niliwauliza wote, afande. Makarani, wapagazi, mpaka mfagiaji. Huyu sikumuuliza."

Inspekta alilifunga daftari lake, akamwita askari alete pingu.