Foleni kwenye Mlango wa Meneja

Kwanza kilikuwa kiti. Meneja wa kiwanda cha kushona sare alikuwa amestaafu na ofisi yake imebaki tupu, na asubuhi moja mkata vitambaa mkuu, mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Mkasi, aliingia humo kuchukua rula ndefu iliyosahauliwa dirishani. Ili kuifikia aliegemea kiti kwa kiganja. Kiti kilikuwa na joto. Jua lilikuwa halijafika upande ule, na pazia lilikuwa limeshushwa. Lilikuwa joto la mtu aliyeketi muda mrefu, akainuka sasa hivi kumpisha mgeni.

Mkasi aliutoa mkono, akaupangusa kwenye gauni, akatoka na rula yake. Alijiambia kwamba kuna mtu anajizoesha ukubwa kabla haujamfika, na kwa hali ilivyokuwa pale, hilo lisingemshangaza.

Wenye kiwanda waliishi mbali. Walichosema kwenye simu ni kwamba meneja mpya atatoka miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. Nani, hawakusema. Lini, hawakusema. Tangu siku hiyo kila mtu alianza kumtazama mwenzake kama linavyotazamwa shati lenye doa. Mhasibu, aliyezoea kuja kazini na ndara, akaanza kuvaa viatu vya kufunga kamba. Mwanamume aliyeshona mapindo kwa mashine ya ovaloki, wakamwita Ovaloki, akawa anakohoa kabla ya kusema jambo, hata kama jambo lenyewe ni kuomba uzi.

Mpiga pasi peke yake ndiye hakubadilika. Alikuwa wifi yake Mkasi, mke wa mdogo wake, mcheshi, mwenye mikono myepesi. Wenye kiwanda walipopita kukagua, mmoja wao aliinua shati kutoka mezani kwake, akaligeuza nje ndani, akauliza limepigwa pasi na nani. Alipoonyeshwa, alisema, "Mtu makini huyu." Ni hayo tu. Lakini mashine kadhaa zilisimama kidogo, kisha zikaendelea.

Siku chache baadaye Ovaloki aliingia kwenye ofisi ile, eti kupima dirisha ili amshonee bosi ajaye pazia jipya. Mkasi alikuwa akipita na mzigo wa vitambaa, mlango ukiwa wazi kidogo, akamsikia akinung'unika.

"Huyu mpiga pasi angepungua kidogo tu, mtu angepumua."

Kiti kikalia, mlio mrefu wa mtu mzito anayejisogeza mbele ili asikie vizuri. Mkasi alichungulia. Ovaloki alikuwa amesimama dirishani na utepe wake wa kupimia, mbali na kiti. Naye alikuwa amegeuka kukitazama.

Kesho yake, mashine zote zikinguruma, ilisikika harufu ya kitu kinachoungua. Haikuwa harufu ya kitambaa. Mkasi aliinua kichwa. Wifi yake alikuwa akipiga pasi huku akicheka na jirani yake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya pasi.

"Wifi," Mkasi alimwita taratibu, asimshtue. "Inua pasi."

"Kwani imeunguza?"

"Inua tu, mpenzi."

Aliinua. Akauangalia mkono wake kama mtu anayeangalia mkono wa mtu mwingine kwenye picha. "Mbona siuhisi?" alisema. Kisha akaujaribu na ule wa kulia, akaubana, akauuma kwa meno. "Wala huu."

Ovaloki alitetemeka siku nzima, lakini hofu haikumzuia kumsimulia Mhasibu, na Mhasibu hakuwa mtu wa kupewa habari akakaa nayo bure. Wiki haikuisha, kila mtu akapata shughuli katika ofisi ya meneja. Mmoja alikwenda kufuta vumbi. Mwingine alidhani ameacha mwavuli wake humo, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha. Mshona vifungo alikwenda kuangalia kama saa ya ukutani inakwenda sawa, akaiangalia kwa muda ambao ungemtosha kuitengeneza. Walitoka humo wakiwa wameinamisha macho, wanapishana mlangoni kwa upole. "Tangulia, ndugu yangu." "Hapana, wewe ulifika kwanza."

Kiwanda kikawa na adabu ya kutisha. Hakuna aliyegombana tena juu ya uzi wala mkasi. Kwa nini mtu amkaripie mwenzake, ilhali mlango uko pale? Mshona vifungo akaanza kusahau majina ya wanawe. Dereva wa kiwanda akapoteza sauti katikati ya sentensi, na haikurudi. Mpiga pasi, ambaye watu wengi walikuwa na neno juu yake kwa sababu ya lile shati moja, alikuwa sasa analishwa na mumewe kwa kijiko, na asubuhi mwanawe mdogo alijifunga vifungo vya shati mwenyewe, akivikosea, huku mama yake ameketi mbele yake, mikono imelala mapajani.

Mkasi alizungumza na mmoja mmoja. Kila mmoja alisikitika sana. Kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine.

Kisha umeme ukakatika, mchana kweupe, na mashine zote zikanyamaza kwa pamoja. Katika ukimya ule, ambao kiwandani huwa watu hawauzoei na huujaza upesi kwa vicheko, hakuna aliyecheka, kwa kuwa nyuma ya mlango wa meneja kulikuwa na sauti, sauti ya chini yenye subira, ikirudia maneno kama mtoto anayejifunza kusoma, neno moja, kisha tena, kisha kwa ufasaha zaidi, kwanza kwa sauti ya Ovaloki, halafu ya Mhasibu, halafu ya mshona vifungo, na kila mtu alipoitambua sauti yake mwenyewe ikimtaja jirani yake wa meza, aliinamia kitambaa chake na kujifanya anatafuta sindano, na harufu ile ya ngozi iliyoungua ikatambaa chini ya mlango ikawafikia miguuni. Umeme uliporudi, walishukuru kelele.

Jioni hiyo Mkasi alikwenda kwa shangazi yake, aliyekuwa akitoa majini majumbani mwa watu.

Shangazi alifika kesho yake na mkoba begani, akilalamikia ngazi. Aliweka kiganja mlangoni, akakiacha hapo kama anayepima homa, akatikisa kichwa.

"Hili halikutumwa na mtu," alisema. "Majini ya kutumwa nayajua, yana haraka. Hili limetulia. Hili limeajiriwa."

"Na nani, shangazi?"

"Na hawa hapa. Lilikuwa linapita zake. Likasikia mtu anamsema mwenzake kwa siri, likaona na kiti kitupu. Likakaa."

Akawaeleza la kufanya, nalo lilikuwa jepesi. Kila aliyenong'ona mle ndani asimame pale mlangoni, amtazame usoni yule aliyemsema, ayarudie maneno yaleyale kwa sauti. Neno likishasemwa usoni, jini halina cha kula. Litaondoka lenyewe, na vyote lilivyochukua kwa kila mtu vitarudi.

Ovaloki alikohoa. "Hakuna dawa ya kunyunyizia, mama?"

"Mwanangu, ingekuwepo ningeshanyunyizia. Nina safari ndefu ya kurudi."

"Na tusiposema?" aliuliza Mhasibu.

Shangazi alimtazama mpiga pasi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti kidogo katikati yao. "Mikono limeshachukua. Litafuata miguu. Kisha pumzi. Hakuna haja ya kufichana."

Walikaa duara.

"Kwa upande wangu," alianza Mhasibu, akirekebisha kola, "mimi sina neno na mtu. Dada yetu huyu tunamheshimu sana. Ni nguzo ya kiwanda."

"Mimi niliingia kupima dirisha," alisema Ovaloki.

"Dirisha moja unalipima kila siku?" Mkasi alimwuliza.

"Mbao hutanuka na joto, dada."

Baadhi walicheka, wakashukuru kupata cha kuchekea.

"Jamani," Mkasi alisema, "ni maneno tu. Sauti zenu mlizisikia jana kama nilivyozisikia. Hakuna atakayepigwa, hakuna atakayemwaga unga. Mwenyewe yuko hapa, mwulizeni."

"Nimeshasamehe," alisema mpiga pasi. "Wote. Semeni tu, niende nikamfunge mwanangu vifungo."

Mshona vifungo alianza kulia, akafungua mdomo, akamwangalia Mhasibu, akaufunga. Ovaloki alitazama viatu vyake. Mkasi aliwatazama mmoja baada ya mwingine na kuona jambo lililomkatisha tamaa kuliko jini lenyewe: waliogopa, lakini si kile kilichokuwa nyuma ya mlango. Waliogopana wao kwa wao.

"Napendekeza," alisema Mhasibu, "tuunde kamati ndogo ikalitafakari suala hili bila jazba."

Pendekezo lilipendwa na wote. Hata dereva asiye na sauti aliinua mkono kuliunga.

Shangazi alifunga mkoba wake. "Nimetoa majini kwa wendawazimu," alimwambia Mkasi. "Mwendawazimu husema kilichomo moyoni. Kazi iko kwa wenye akili zao."

Mkasi na shangazi walimshika mpiga pasi huku na huku ili wamshushe ngazi. Kwenye ngazi ya katikati aliuliza kwa nini wamesimama. Hawakuwa wamesimama. Miguu yake ndiyo ilikuwa inaburuzika, vidole vikigonga kila ngazi, naye hajui.

Mkasi alimwachia shangazi mzigo wote. Alipanda tena ngazi peke yake, akipita katikati ya mashine, na watu wakaziwasha upesi wasimwone. Hakuwahi kunong'ona kwenye chumba kile. Alijivunia hilo. Alifungua mlango bila kubisha, akaufunga nyuma yake.

Kiti kilikuwa kimempa mgongo. Kwenye mikono ya kiti ilitulia mikono miwili aliyoifahamu, mikono myepesi, mmoja una alama ya pasi, na chini ya kiti mguu mmoja wa mwanamke ulikuwa ukijifunza kukunja vidole.

"Mrudishie wifi yangu," alisema Mkasi.

"Hapa watu hawaji kurudishiwa," ilijibu sauti. Ilikuwa sauti nzuri, isiyo na haraka, sauti ya bosi ambaye kila mfanyakazi angemtamani. "Nitajie mtu."

"Sina mtu."

"Unaye. Umepanda naye ngazi."

Mkasi aliuma meno. Aliona kola ikirekebishwa. Alisikia neno kamati. Aliona kidole kidogo cha mtoto kikisukuma kifungo kwenye tundu lisilo lake. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lina uzito wa jiwe, na ilikuwa rahisi mno kulitema.

"Mhasibu," alisema kwa sauti ya chini kabisa.

Kiti kilisogea mbele na mlio wake mrefu.

"Alikukosea nini?" sauti iliuliza kwa upole. "Anza mwanzo. Usiruke kitu. Ninakusikiliza."

Miaka yote aliyokata vitambaa pale, hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Nje ya mlango mtu alikohoa kwa adabu, kumjulisha kwamba wenzake nao wanasubiri. Mkasi hakugeuka. Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kueleza.